Kufuli za Kikosi cha Saba

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, lori la Shirika la Umeme la Tangamano liliingia kinyumenyume katika karakana ya Kikosi cha Saba. Lilishusha makochi mawili ya kijani, katoni moja ya beji zenye uso unaotabasamu, na picha ya maporomoko ya maji iliyotiwa fremu. Kisha likapakia kreti moja la kufuli. Kazi yote ilichukua dakika tisa, na dereva alidai saini mbili: moja ya vilivyoshuka, nyingine ya vilivyopanda.

Aliyetakiwa kusaini ni Mwantumu Chambuso, msimamizi wa kikosi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja aliyepanda nguzo za umeme kwa miaka ishirini na mbili na ambaye hajawahi kusaini karatasi bila kuisoma. Hii aliisoma mara mbili.

"Kufuli mnazipeleka wapi?"

"Mapumzikoni, mama," dereva alisema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Ndivyo ilivyoandikwa kweli, na muhuri juu yake.

Yafaa msomaji aelezwe kufuli hizo zilikuwa za nini, maana huenda katika nchi nyingine mafundi hupanda nguzo kwa dua. Huko Tangamano kila fundi wa laini alikuwa na kufuli yake, jina lake limechongwa ubavuni. Kabla ya kupanda alikwenda kwenye kituo cha kupozea umeme, swichi ikazimwa mbele ya macho yake, akaufunga mpini wa swichi kwa kufuli ile na ufunguo akautia mfukoni. Hapo ndipo alipopanda. Mtu yeyote akitaka umeme urudi, hata awe mkubwa namna gani, ilimbidi amsubiri mwenye ufunguo ashuke. Neno hilo, "hata awe mkubwa namna gani", ndilo lililokuja kuonekana kuwa na kasoro.

Wiki tatu kabla ya lori, fundi Sudi Mwakatobe alikuwa juu ya nguzo, ufunguo mfukoni. Saa hiyohiyo Naibu Waziri alikuwa akimwoza binti yake, na keki ya ngazi saba ilikuwa imeanza kulegea kwa joto. Mjumbe alifika kwenye kituo cha kupozea umeme akiwa na barua yenye mihuri mitatu na mkasi wa kukatia chuma. Kufuli ya Sudi ilikatwa saa tisa na dakika arobaini na moja. Swichi iliwashwa saa tisa na dakika arobaini na mbili. Keki ilinusurika.

Aliyekuwa chini ya nguzo, ameshika kamba, ni mwenzake Gaspari Mbawala. Ndiye aliyemshusha.

Iliundwa tume ya watu kumi na mmoja. Ilikaa hotelini siku nne, ikatoka na taarifa ya kurasa mia mbili na sita. Mwantumu aliisoma yote. Keki haikutajwa. Mkasi ulitajwa mara moja, katika orodha ya vifaa vya Shirika vilivyo katika hali nzuri. Tume ilibaini kwamba marehemu "hakuwa na utulivu wa kutosha wa akili wakati umeme ukimpitia". Ilibaini pia kwamba kufuli ni ishara ya kutoaminiana kati ya watumishi na uongozi, kwamba kutoaminiana huzaa msongo wa mawazo, na kwamba msongo wa mawazo huzaa ajali. Kwa hiyo ulizinduliwa Mpango wa Taifa wa Utulivu wa Akili kwa Watumishi wa Huduma Muhimu, na kufuli zikaondolewa ili zisiendelee kuwaumiza mafundi kisaikolojia.

Badala yake ukaletwa Mfumo wa Kuaminiana. Opereta wa swichi humwambia fundi kwa redio, "Niamini." Fundi hujibu, "Nakuamini." Halafu fundi hupanda.

*

Gaspari alikuwa na miaka thelathini na minane, na tangu siku ile mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Haikutetemeka wakati wote. Ilianza anapovaa mkanda wa kupandia na kuacha anapouvua. Mwantumu aliipima kwa saa yake ya mkononi, siku sita mfululizo, na hakuona siku iliyokwenda tofauti.

"Da Mwantumu," Gaspari alimwambia, "mikono hii si yangu. Naitazama tu."

"Unalala?"

"Nalala nini? Nikifumba macho nasikia kamba inakuwa nzito."

Mwantumu hakutaka mambo makubwa. Alitaka Gaspari afanye kazi za chini kwa mwezi mmoja, asipande nguzo mpaka mikono imrudie. Alidhani ni jambo la mstari mmoja. Lakini Mpango ulikuwa umekwisha kuanza, na tangu uanze hakuna aliyeweza kupumzika bila Fomu U-9.

Fomu U-9 ilimtaka mwombaji aambatanishe ushahidi wa furaha yake ya miezi sita iliyopita, ili huzuni ya sasa ipate kulinganishwa. Ilimtaka apate saini ya mshauri nasaha. Sehemu ya sababu za maombi ilikuwa na onyo kwa herufi nyekundu: *Usiandike kifo, ajali wala woga. Maneno hayo yanaweza kumletea msongo afisa anayesoma.*

Kulikuwa pia na simu ya bure ya utulivu. Walikaa kwenye makochi ya kijani wakaipiga, simu ikiwa mezani, sauti imefunguliwa.

"Karibu katika Huduma ya Utulivu," sauti tamu ya mwanamke ilisema. "Kama una furaha, bonyeza moja. Kama unakaribia kuwa na furaha, bonyeza mbili."

Wakasubiri. Hakukuwa na tatu.

"Bonyeza mbili, kaka," alisema Chande, dereva wa kikosi. "Si unakaribia? Hata Mwaka Mpya unakaribia."

Gaspari akabonyeza mbili.

"Hongera," sauti ilisema, simu ikakatika.

*

Mshauri nasaha wa Shirika aliitwa Bwana Elisante Kihwelo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Idara ya Itifaki akipanga viti vya wageni, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amekalishwa vibaya. Alihudhuria semina ya siku mbili, akapewa mwongozo mnene na ofisi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpokea Gaspari vizuri, akamkalisha kiti cha tatu kutoka mlangoni, ambacho kwa cheo chake ndicho kilichomstahili.

Mwantumu aliruhusiwa kuingia kama shahidi.

"Bwana Mbawala, jisikie huru," Elisante alisema. "Ni kitu gani kingekufanya ujisikie salama?"

"Kufuli."

Elisante aliandika. "Zaidi ya kufuli."

"Ufunguo wake."

"Nazungumzia hisia, ndugu yangu. Mwongozo unataka hisia."

"Basi nahisi nataka kufuli."

Elisante aliufungua mwongozo, akapitisha kidole, akaufunga. "Unaona, hapa ndipo tulipo na tatizo. Wewe ulikuwa na kitu, kikaondolewa kwa faida yako, na bado unakililia. Mtoto anaachishwa ziwa, analia, lakini mama yake anajua. Au siyo, Bi Chambuso?"

"Mtoto haachishwi ziwa kwa mkasi," Mwantumu alisema.

Elisante akaandika matokeo ya uchunguzi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa uwazi, akayasoma kwa sauti: "Mtumishi ana mapenzi yasiyo ya kawaida na kufuli. Anahitaji ushauri wa kina katika Kituo cha Taifa cha Utulivu wa Akili, mara kitakapofunguliwa."

"Kinafunguliwa lini?"

"Alhamisi. Mheshimiwa Waziri mwenyewe anakuja." Uso wake ulikunjuka. "Jengo limekamilika. Zuri ajabu. Limebaki jambo dogo tu la umeme."

*

Jambo dogo la umeme lilimfikia Mwantumu Jumanne, saa nne asubuhi, kwa barua. Kikosi cha Saba kiunganishe Kituo na laini kubwa siku ya Alhamisi, saa nane mchana, mbele ya wageni, ili taifa lijionee. Kazi ya laini kubwa ilihitaji fundi mwenye leseni yake. Kikosi kilikuwa na leseni tatu. Moja ilikuwa ya Sudi. Ya pili ilikuwa ya fundi aliyeazimwa na Kwaya ya Utulivu, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri ya tatu. Ya tatu ilikuwa ya Gaspari. Leseni ya Mwantumu ilikwisha siku alipotimiza hamsini. Kanuni haikumruhusu kupanda, ingawa magoti yake yalikuwa bado hayajapewa taarifa.

Alikwenda kwa Elisante mara ya pili, bila miadi.

"Mnampandisha mgonjwa awashe taa za hospitali yake mwenyewe."

"Usiseme mgonjwa, Bi Chambuso. Tunasema mteja."

"Mteja wako anatetemeka."

"Ndiyo maana kituo kinafunguliwa! Sasa kikikosa umeme, mimi nitamhudumia vipi? Feni hazitazunguka. Ile chemchemi ya mapokezi haitaruka, na mwongozo unasema sauti ya maji ni nusu ya tiba." Aliinamisha kichwa, akazungumza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake siri. "Apande Alhamisi, atibiwe Ijumaa. Mimi mwenyewe nimemwandika namba moja."

"Na asiposhuka?"

Elisante alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Hiyo ni fomu nyingine," alisema.

*

Alhamisi, saa nane na dakika sita mchana, Gaspari alianza kupanda. Wageni mia tatu walikuwa chini ya mahema. Kwaya ilikuwa imeimba mara mbili. Waziri wa Nishati, Maji na Tabasamu, Daktari Mhandisi Profesa Burhani Lukwambe, alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kipaza sauti ambacho, kwa kuwa kingetumia umeme wa Kituo, kilikuwa bado hakisikiki. Aliamua kupaza sauti mwenyewe.

"Ndugu wananchi! Zamani fundi wetu alipanda nguzo na ufunguo. Leo anapanda na imani! Nawauliza, kipi ni kizito?"

"Ufunguooo!" wageni wakaitikia.

"Basi tumempunguzia mzigo!"

Makofi. Redio ya Gaspari ilikoroma begani. Alikuwa Rajabu Kisoki, opereta wa swichi, kilomita nne kutoka pale. Rajabu ndiye aliyekuwa zamu siku ya Sudi, siku mjumbe alipofika na mihuri mitatu.

"Kaka Gaspari," redio ilisema. Kisha, kama mtu anayesomeshwa: "Niamini."

"Nakuamini," Gaspari alijibu. Alijibu tena, na mara ya tatu, bila kuulizwa. Akafika juu, akajifunga mkanda kwenye nguzo, akanyoosha mkono kuelekea waya, akaurudisha. Halafu akaikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili na hakufanya jambo jingine.

Dakika kumi zilipita. Waziri, aliyedhani ni sehemu ya maonyesho, alipiga makofi peke yake.

"Gaspari!" Mwantumu aliita kutoka chini. "Shuka, baba! Acha hiyo kazi, shuka!"

"Siwezi, Da Mwantumu! Nikiachia mkono mmoja, huo mmoja unakwenda kwenye waya wenyewe!"

Elisante alikuja mbio na mwongozo kwapani. Hii ilikuwa saa yake, na lazima isemwe kwamba hakuikimbia. Alisimama chini ya nguzo, akafungua ukurasa wa arobaini.

"Bwana Mbawala! Pumua! Nitajie vitu vitano unavyoviona!"

"Naona waya!"

"Vizuri! Cha pili!"

"Waya!"

"Cha tatu!"

"Waya! Na cha nne ni waya! Na cha tano namwona Waziri anatazama saa!"

"Amejibu vyote," Elisante alimwambia Mwantumu, akiweka alama. "Anaendelea vizuri."

Mwantumu alikwenda kwenye gari la kikosi. Alifungua sanduku la zana, akaing'oa kufuli yake, kufuli ndogo ya dukani ya kuzuia koleo zisiibwe, akapanda mbele karibu na Chande. "Kwa Rajabu," alisema. Chande akawasha gari. Njia ilikuwa imezibwa na magari ya wageni, kwa hiyo alipita juu ya bustani mpya ya utulivu na juu ya kibao kilichosema watu wasipite.

Rajabu aliwapokea mlangoni. Swichi ilikuwa imezimwa. Alikuwa amesimama mbele yake tangu saa saba.

"Da Mwantumu, kufuli ni marufuku."

"Najua."

"Kuna waraka."

"Nimeusoma. Nishikie mpini huo niufunge."

Rajabu aliushika mpini kwa mikono miwili. Yake nayo ilikuwa ikitetemeka. Hakuna aliyekuwa amempelekea Fomu U-9.

Walirudi saa tisa na dakika ishirini na nane. Waziri alikuwa anasimulia utoto wake. Mwantumu aliufunga ufunguo kwenye kamba ya zana, na Gaspari akaivuta juu kwa vidole viwili, bila kuiachia nguzo. Aliutazama ufunguo. Akautia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

Hakuunganisha waya wowote. Aliulegeza mkanda akashuka, hatua moja moja, na saa tisa na dakika arobaini miguu yake ilikanyaga ardhi. Mwantumu alimshika chini ya kwapa, Chande akamshika upande wa pili.

"Umeme uko wapi?" Waziri aliuliza.

Kituo cha Taifa cha Utulivu wa Akili kilifunguliwa rasmi bila umeme, wageni wakipita vyumbani kwa kupapasa. Taarifa ya Shirika ya jioni ile ilisema kwamba katika siku yake ya kwanza Kituo kilimhudumia mteja mmoja, na kwamba mteja huyo alishuka mwenyewe.

*

Ijumaa zilifika barua mbili. Ya kwanza ilimpa Mwantumu karipio kali kwa kuingiza kufuli katika mazingira ya kuaminiana. Kufuli yenyewe ilichukuliwa na kupelekwa mapumzikoni. Ya pili ilikuwa jibu la Fomu U-9 ambayo Gaspari alikuwa ameipeleka. Mwantumu alimsomea Gaspari, wakiwa wamekaa kwenye kochi la kijani.

"'Maombi yako ya mapumziko yamekubaliwa.'"

Gaspari aliinua kichwa.

"'Mapumziko hayo ni ya saa moja na dakika thelathini na nne, kuanzia saa nane na dakika sita hadi saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku ya Alhamisi, muda ambao kumbukumbu zinaonyesha ulikuwa juu ya nguzo bila kufanya kazi. Kwa kuwa mapumziko hayo umekwisha kuyatumia, unatarajiwa kazini kama kawaida.'"

Chande ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo pale juu alikuwa likizo?"

"Alikuwa likizo."

"Na mimi nikamwonea huruma!"

Gaspari alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kwanza tangu Sudi afe, na hakikuwa kizuri kukisikiliza.

Mwantumu aliikunja barua mara nne. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akiliandikia Shirika maelezo kamili, yenye tarehe, majina na vipimo, kwa imani kwamba ukweli ukishaandikwa sawasawa, mtu fulani mahali fulani atalazimika kuufuata. Mchana ule alihesabu barua zake zote na majibu yake yote. Hakupata jibu hata moja lililotaja jambo aliloliandika.

Jumatatu, saa nne na dakika tano asubuhi, laini ya hospitali ya wilaya ilikatika. Wodi ya wazazi ilikuwa na jenereta lenye mafuta ya kutosha saa mbili tu. Hapo hapakuwa na cha kubishana.

Gaspari alinyoosha mkono kuchukua mkanda wa kupandia. Mikono ilianza.

"Lete," Mwantumu alisema.

"Da Mwantumu, huna leseni."

"Na wewe huna mikono. Lete huo mkanda."

"Na huko swichini? Kufuli hatuna. Utapanda na nini?"

Mwantumu aliufunga mkanda kiunoni. Ulimbana zaidi ya ulivyombana mwaka wa mwisho. "Nenda wewe kwa Rajabu," alisema. "Izimeni swichi, kisha kaa kwenye mlango wa chumba cha swichi. Usitoke mpaka uambiwe miguu yangu iko chini. Uambiwe na Chande, si na mtu mwingine."

Saa nne na dakika thelathini na moja swichi ilizimwa. Gaspari alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa swichi, magoti yamekunjwa. Mwantumu alianza kupanda saa nne na dakika arobaini.

Saa tano na dakika kumi alifika mjumbe na barua. Mkutano wa tathmini ya Mpango ulikuwa unaendelea makao makuu, kwenye laini hiyohiyo, na picha za tathmini zilikuwa zimezimika ukutani. Rajabu aliipokea barua, akahesabu mihuri, akaenda nayo mpaka mlangoni.

"Kaka, wanasema usogee."

"Nani wanasema?"

"Wakubwa."

"Wewe unasemaje?"

Rajabu alimtazama mjumbe, akaitazama barua. Kisha akaiweka chini, akakaa juu yake, kando ya Gaspari, mgongo kwenye mlango uleule. Mjumbe aliwaambia kwamba hilo ni kosa. Walimwambia wanajua. Aliuliza kama wanataka aandike kwamba wamekataa. Gaspari alimwambia aandike kwamba wamekaa.

Saa sita kasoro dakika nane laini ya hospitali ilikuwa imeunganishwa tena, tayari kupokea umeme. Saa sita kasoro dakika tano Mwantumu alikanyaga ardhi. Saa sita na dakika nne Chande alifika kwenye kituo cha kupozea umeme, akashuka garini, akasema, "Yuko chini." Gaspari na Rajabu waliinuka.